Homa ya mtoto: pima kilo, soma chupa, andika saa

Ni saa kumi na moja alfajiri, na Kedowa bado ni giza na baridi. Mama anajiandaa kuwahi matatu ya kwenda kuchuma majani chai. Mtoto wake wa mwaka mmoja hakulala vizuri. Mwili unawaka na pua inachuruzika. Mama anampa mililita 5 za dawa ya homa, anamwachia nyanya yake, kisha anaondoka.

Saa mbili asubuhi Kogo anamgusa mtoto na kuona bado ana joto. Hajui kwamba ameshapewa dawa. Anachukua chupa ile ile iliyo juu ya kabati na kumpa kijiko kimoja kikubwa cha mezani. Saa nne shangazi anapita, anamsikia mtoto akikohoa, na anarudi kutoka kemisti na dawa ya mafua ya watoto. Mtoto anapewa mililita 5 nyingine. Hakuna aliyesoma kwenye pakiti kwamba dawa hiyo ya mafua nayo ina parasetamoli, dawa ile ile ya homa.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini kila hatua yake hutokea katika nyumba zetu. Watu watatu wanaompenda mtoto wamempa dawa ile ile mara tatu kabla ya saa sita mchana. Tukipiga hesabu, mtoto huyo wa kilo 9 amepata miligramu 600 za parasetamoli. Kiwango cha juu kwa mtoto wa kilo hizo ni miligramu 540 kwa siku nzima, yaani saa 24. Amekipita, na siku bado haijafika nusu.

Siku moja ya namna hiyo huenda isimwachie madhara. Hatari huja pale mtindo huo unaporudiwa siku ya pili na ya tatu, huku mtoto hali wala hanywi vizuri. Parasetamoli ikizidi huharibu ini. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitumia dawa ya homa ili imsaidie mtoto bila kumdhuru, na wakati ambao mzazi anapaswa kuiweka chupa kando na kumpeleka mtoto hospitalini.

Dawa ya homa haitibu ugonjwa

Homa si ugonjwa. Ni dalili kwamba mwili unapambana na kitu fulani: mafua, nimonia, malaria, maambukizi ya sikio, koo au mkojo. Joto la mwili likipimwa kwapani na kufika nyuzi 37.5 au zaidi, mtoto ana homa. Mkono juu ya paji la uso unaweza kukuambia kuna joto, lakini hauwezi kukuambia ni kiasi gani. Kipimajoto cha kwapani hakigharimu pesa nyingi na hudumu miaka. Kama huna, mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako huwa nacho kwenye begi lake.

Parasetamoli hupunguza joto na maumivu kwa saa chache, mtoto akapata nafuu ya kunyonya, kula na kulala. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haiui vijidudu vya malaria wala haitibu nimonia. Kwa hiyo joto likishuka baada ya kumpa dawa, usihesabu kwamba amepona. Na joto likiwa limepanda kidogo tu huku mtoto anacheza na kunyonya, si lazima kumpa dawa yoyote. Dawa hii ni ya mtoto mwenye homa kali, kuanzia nyuzi 38.5, au mtoto anayeumwa na kusumbuka.

Hapa kwetu kuna jambo la kukumbuka. Wengi husema Kedowa ni juu mno, zaidi ya mita 2,000, hivyo hakuna malaria. Lakini nyanda za juu za Kericho si ngeni kwa ugonjwa huo. Katika miaka ya 1990 hata mashamba ya chai yalikumbwa na milipuko ya malaria, na kwa kawaida wagonjwa huongezeka baada ya mvua ya masika. Isitoshe, watoto wetu husafiri. Mtoto aliyekwenda kukaa na jamaa Muhoroni, Fort Ternan au Kisumu anaweza kurudi na malaria ikajitokeza wiki moja au mbili baadaye. Mtoto mwenye homa apimwe damu. Usimpe dawa ya malaria iliyobaki nyumbani kwa kubahatisha, na usidhani haiwezekani kuwa malaria kwa sababu tu mnaishi kwenye baridi.

Kilo kwanza

Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito. Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa kilo tatu au nne, na dozi inayomtosha mmoja ikawa nyingi kwa mwenzake.

Dozi ya parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Hurudiwa kila baada ya saa 6 kama bado inahitajika. Isirudiwe kabla ya saa 4 kupita kwa hali yoyote, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Uzito wa mtoto utaupata kwenye kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Angalia mara ya mwisho alipopimwa. Kama ni miezi mingi iliyopita, pitia zahanati apimwe tena. Ni kazi ya dakika mbili. Uandike uzito huo kwa kalamu kwenye jalada la kijitabu, uonekane hata usiku kwa mwanga wa simu.

Soma chupa

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Chupa zote za parasetamoli ya watoto hazina nguvu sawa. Kwenye lebo, karibu na jina la dawa, kuna nambari mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni miligramu, yaani dawa yenyewe. Ya pili ni mililita, yaani maji yaliyobeba dawa hiyo.

Dawa ya maji inayopatikana zaidi ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa chupa hiyo peke yake kuna hesabu rahisi: nusu mililita kwa kila kilo ya mtoto.

Kilo 6: mililita 3
Kilo 8: mililita 4
Kilo 10: mililita 5
Kilo 12: mililita 6
Kilo 14: mililita 7
Kilo 16: mililita 8

Lakini kuna chupa nyingine zenye miligramu 250 katika mililita 5. Hizo zina nguvu maradufu, na mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 2 na nusu tu. Kuna pia dawa za matone za watoto wachanga, ambazo nyingine zina miligramu 100 katika kila mililita moja. Ukimpa mtoto mililita 5 za matone hayo kwa kudhani ni dawa ya maji ya kawaida, umempa miligramu 500 kwa mara moja, ambayo ni tembe nzima ya mtu mzima.

Kwa hiyo usiseme, "Huyu tulimpa mililita 5 mwezi uliopita, tumpe tano tena." Huenda ile ilikuwa chupa nyingine. Kila unaponunua chupa mpya, soma nambari zake upya. Kama macho hayaoni maandishi madogo, mwombe anayekuuzia akusomee na akuandikie juu ya pakiti kwa herufi kubwa: uzito wa mtoto, mililita za kumpa, na saa za kurudia.

Mara nyingi kemisti huandika kwa mkato, kwa mfano "5ml x 3". Maana yake ni mililita 5, mara tatu kwa siku, kila dozi kwa wakati wake. Si mililita 15 kwa pamoja. Usiondoke dirishani kabla hujaelewa maandishi hayo.

Kijiko cha nyumbani si kipimo

Vijiko vya jikoni havilingani. Kijiko cha chai cha nyumba moja hubeba mililita 3, cha nyumba nyingine hubeba 6. Kijiko cha mezani kinaweza kubeba 15, mara tatu ya mililita 5. Pima kwa kikombe kidogo au kijiko cha plastiki kilichokuja na dawa, au kwa sirinji isiyo na sindano. Kemisti huuza sirinji ya mililita 5 au 10 kwa bei ndogo, na kwa mtoto mdogo ndiyo nzuri zaidi kwa sababu mistari yake huonyesha hata nusu mililita.

Kwanza tikisa chupa vizuri, maana dawa huweza kutulia chini, na dozi za mwisho zikawa kali kuliko za mwanzo. Mketishe mtoto wima au mwinue kichwa. Elekeza sirinji ndani ya shavu na umpe kidogo kidogo, ukimwacha ameze. Usimzibe pua wala kumlaza chali na kummiminia, kwani dawa inaweza kuingia kwenye mapafu. Mtoto aliyezimia au anayetetemeka kwa degedege asipewe kitu chochote kwa mdomo.

Akitapika kabla ya nusu saa kupita, unaweza kurudia dozi hiyo mara moja tu. Akitapika baadaye, subiri wakati wa dozi inayofuata. Akitapika kila kitu anachopewa, hiyo ni dalili ya hatari, mpeleke hospitalini.

Andika saa

Turudi kwa mtoto wetu wa mfano. Mama alikaribia dozi sahihi, ambayo kwa kilo 9 ni mililita 4 na nusu. Lakini Kogo hakuwa na njia ya kujua. Karatasi moja iliyofungwa kwenye chupa kwa mpira ingetosha. Kila anayempa mtoto dawa aandike: siku, saa, mililita na jina lake.

Andika saa kwa Kiswahili na uandike kwa maneno. Muuguzi akiandika "8pm", mwingine anaweza kusoma nambari hiyo kama saa nane, wakati iliyokusudiwa ni saa mbili usiku. Kosa hilo dogo huleta tofauti ya saa sita. Andika "saa mbili usiku" na hakuna atakayekosea.

Kama anayebaki na mtoto hasomi vizuri, mwambie kwa mdomo, kisha mwombe arudie alichosikia: "Kogo, nimempa dawa saa kumi na moja hii, mililita nne na nusu. Akiwa bado na joto, mpe tena saa tano, si kabla. Na dawa yoyote nyingine asipewe mpaka tuongee kwa simu." Mwachie pia dozi ikiwa imepimwa tayari kwenye sirinji, ikiwa imewekwa mahali mtoto hafiki. Hii si kumdharau mzee. Ni kumwondolea kazi ya kukisia.

Ratiba ya saa 6 ni rahisi kukumbuka: saa kumi na moja alfajiri, saa tano asubuhi, saa kumi na moja jioni, saa tano usiku. Usimwamshe mtoto aliyelala vizuri ili tu kumpa dawa ya homa.

Majina mengi, dawa moja

Panadol na Calpol ni majina ya biashara. Dawa iliyo ndani ni parasetamoli. Kuna majina mengine mengi yenye dawa hiyo hiyo. Dawa nyingi za mafua na kikohozi nazo zina parasetamoli iliyochanganywa na vitu vingine. Ukimpa mtoto parasetamoli na dawa ya mafua kwa pamoja, huenda unampa dozi mbili bila kujua. Kabla ya kununua dawa ya pili, mwonyeshe muuzaji ya kwanza. Beba chupa au piga picha ya lebo kwa simu, kisha uulize: "Hii na hii zina kitu kimoja?"

Kwa mtoto mdogo, dawa za mafua na kikohozi hazina faida kubwa, na nyingine humlevya kwa usingizi hata dalili za hatari zikafichika. Pua ikiziba, isafishe kwa matone ya maji ya chumvi. Akizidi mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali hutuliza kikohozi. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Dawa zisizomfaa mtoto mdogo

Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16, isipokuwa daktari ameagiza. Ikitumiwa wakati wa mafua au tetekuwanga inaweza kuleta ugonjwa wa nadra lakini wa kuua unaoshambulia ini na ubongo. Baadhi ya tembe za maumivu ya kichwa zinazouzwa kwenye vioski zina aspirini, hivyo usimkatie mtoto kipande cha tembe ya mtu mzima. Hata tembe ya parasetamoli ya miligramu 500 haigawanyiki sawasawa kwa kisu. Usifanye hivyo ila kama mhudumu wa afya amekuonyesha kipande cha kumpa.

Diklofenaki, ambayo watu wazima hutumia kwa mgongo na viungo, si dawa ya homa ya mtoto.

Ibuprofeni, ambayo wengi huiita Brufen, inaweza kutumiwa na mtoto wa zaidi ya miezi 3 na kilo 5, lakini ina masharti. Isitolewe kwa mtoto anayeharisha, anayetapika au aliyepungukiwa maji, kwani inaweza kuumiza figo. Isitolewe mwenye tetekuwanga, na mwenye pumu asipewe kabla ya kuuliza. Mtoto ale kitu kwanza. Usibadilishane ibuprofeni na parasetamoli kwa akili yako mwenyewe. Hesabu za saa huchanganyika, na ndipo dozi hurudiwa kimakosa.

Viuavijasumu vilivyobaki kutoka ugonjwa wa mwezi uliopita navyo si dawa ya homa. Homa nyingi za watoto huletwa na virusi, na viuavijasumu haviui virusi.

Nunua mahali panapojulikana

Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki baada ya figo kushindwa kufanya kazi. Kilichoshukiwa ni dawa za maji za watoto zilizokuwa na kemikali ya viwandani yenye sumu. Kabla ya hapo, mwaka 2008 na 2009, Nigeria ilipoteza watoto 84 kwa dawa ya maumivu ya meno ya watoto iliyochafuliwa kwa sumu ya aina hiyo. Hapa Kenya, Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani baada ya wakaguzi wa Nigeria kutangaza kwamba wamegundua sumu ndani yake.

Hatusemi haya ili wazazi waogope kila chupa. Tunasema kwa sababu mnunuzi naye ana nafasi yake. Nunua kwa kemisti mwenye leseni ya Bodi ya mwaka huu, iliyobandikwa ukutani pa kuonekana. Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa, lebo inasomeka, na nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi zipo. Usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine isiyo na lebo, hata muuzaji akiwa jirani. Tunza risiti na pakiti mpaka dawa iishe: toleo likitangazwa kuondolewa, nambari iliyo kwenye pakiti ndiyo itakayokuambia kama yako imo.

Nyumbani, weka chupa juu, kwenye kabati linalofungwa. Dawa hizi hutengenezwa tamu, na mtoto wa miaka miwili hupanda kiti kuzifuata. Usimwambie kamwe kwamba dawa ni juisi au pipi.

Baridi yetu na blanketi

Mtoto akiwa na homa huku nje kuna ukungu, mzazi humfunika blanketi tatu na kofia. Nguo nyingi huzuia joto kutoka, na homa huzidi. Wala usimvue akabaki uchi kwenye baridi, au kumwogesha maji baridi. Akitetemeka, mwili hutengeneza joto zaidi. Nguo moja nyepesi na shuka moja zinatosha ndani ya nyumba. Usimpake spiriti mwilini, kwani hupenya kwenye ngozi na huvutwa kwa pumzi.

Anachohitaji zaidi ni maji mwilini. Anayenyonya anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hata usiku. Mkubwa kidogo apewe maji safi, uji mwepesi au supu, kidogo kidogo. Chai ya majani haimfai mtoto mdogo. Huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye chakula.

Acha chupa, nenda hospitalini

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa aonwe na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, kabla ya kupewa dawa nyumbani. Kwa mtoto mchanga, homa inaweza kuwa ishara pekee ya maambukizi makali, na dawa ikishusha joto itaificha. Anapochanjwa wiki ya 6, muulize muuguzi pale pale la kufanya akipata joto.

Kwa mtoto wa umri wowote, usisubiri asubuhi ukiona lolote kati ya haya:

Hawezi kunyonya wala kunywa.
Anatapika kila kitu.
Amepata degedege.
Amelegea, haamki vizuri au amezimia.
Anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 12, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia.
Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.
Shingo imekakamaa, au utosi umevimba.
Ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyopotea ukiyabonyeza.
Hakojoi, macho yameingia ndani, analia bila machozi.

Hata bila dalili hizi, homa ikifika siku ya pili au ya tatu, apelekwe zahanati. Usiku, mpigie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako huku mkitafuta gari la kwenda Londiani au hospitali iliyo karibu nanyi. Hifadhi namba ya mhudumu huyo na ya dereva mmoja wa kuaminika leo, kabla ya siku ya shida.

Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu mahali salama, legeza nguo, na uangalie saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie maji au dawa. Mwili ukitulia, mpeleke hospitalini. Wengi wa watoto wanaopata degedege kwa sababu ya homa hupona kabisa, lakini mhudumu lazima ahakikishe si malaria kali wala uti wa mgongo.

Kama amezidishiwa dawa

Ukigundua mtoto amepewa dawa kupita kiasi, au amekunywa mwenyewe kutoka kwenye chupa, mpeleke hospitalini mara moja hata kama anacheza. Hapa ndipo parasetamoli hudanganya. Siku ya kwanza mtoto huonekana mzima, au hutapika kidogo tu. Ini hudhoofika kimyakimya, na dalili kubwa, kama macho ya manjano na usingizi mzito, huja siku ya tatu au ya nne, wakati matibabu yameshakuwa magumu. Hospitali kubwa zina dawa ya kulikinga ini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mursik kwa kuamini vitaondoa sumu, vitakupotezea muda. Beba chupa yenyewe, na umwambie mhudumu ukweli: kiasi gani, saa ngapi, na nani alimpa. Hakuna mzazi wala nyanya wa kuona aibu hapo. Anayeficha ndiye anayemchelewesha mtoto kupata matibabu.

Kazi ya leo jioni

Kabla ya kulala leo, mtoto akiwa mzima, fanya mambo matatu. Toa kijitabu cha kliniki na uandike kilo zake kwenye jalada. Toa chupa ya dawa ya homa, soma miligramu na mililita zake, tarehe ya mwisho, kisha bandika karatasi yenye dozi ya mtoto huyo. Kama imepitwa na wakati, irudishe kwa kemisti au zahanati wakuonyeshe namna ya kuitupa. Mwisho, keti na wote wanaobaki na mtoto, awe nyanya, shangazi, dada mkubwa au jirani, mkubaliane: hakuna anayempa dawa kabla ya kusoma karatasi iliyo kwenye chupa, na hakuna anayempa bila kuandika.